Je, Wajua kwa Nini Dawa ya Wasiwasi Inayopendekezwa Zaidi Ndiyo Inayochelewa?

Mtu mwenye ugonjwa wa wasiwasi anapoandikiwa dawa kwa mara ya kwanza, mara nyingi hushangazwa na maelezo anayopewa: ameze kidonge kimoja kila siku, asitarajie nafuu kabla ya wiki mbili hadi sita, na asishtuke iwapo siku za mwanzo ataona hali imezidi kidogo. Mshangao huo una msingi, kwa kuwa zipo dawa zinazotuliza wasiwasi ndani ya saa moja, na madaktari wanazijua vyema. Kwa nini basi wachague ya kungojewa na kuiacha ya papo kwa papo?

Dawa za papo kwa papo ni zile za jamii ya benzodiazepini, ambazo maarufu kati yake ni diazepamu, inayofahamika na wengi kwa jina la Valium. Ubongo una kemikali yake ya kutuliza iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kupunguza kasi ya seli za neva. Benzodiazepini hujishikiza pembeni mwa kipokezi cha GABA na kukifanya kiitikie kwa nguvu zaidi kemikali ile ile iliyokuwapo, mithili ya mtu anayeongeza sauti ya redio bila kubadilisha stesheni. Hakuna kinachohitaji kujengwa upya, ndiyo maana misuli hulegea na usingizi kuanza kunyemelea mara tu dawa inapofika ubongoni.

Aliyezigundua ni mkemia Leo Sternbach wa kampuni ya Roche nchini Marekani. Ya kwanza, Librium, iliingia sokoni mwaka 1960, Valium ikafuata mwaka 1963, na zote mbili zilipokewa kwa shangwe. Shangwe hiyo haikuwa ya bure, maana zilichukua nafasi ya babitureti, dawa za zamani za kutuliza na kuleta usingizi, ambazo dozi yake ikizidi huweza kuua kwa urahisi. Tatizo la benzodiazepini lilijitokeza taratibu zaidi. Ubongo unapoona breki inakanyagwa kila siku na mguu wa mgeni, hulegeza wa kwake. Baada ya wiki kadhaa dozi ile ile haitulizi kama zamani, na anayeacha ghafla hurudiwa na wasiwasi mkali kuliko ule wa awali, pamoja na kukosa usingizi, kutetemeka na hata degedege. Hiyo ndiyo hali ambayo mitaani huitwa arosto. Zikichanganywa na pombe au na dawa za maumivu za jamii ya afyuni, zinaweza kuzuia pumzi. Kwa sababu kama hizi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 haupendekezi benzodiazepini kwa kutibu ugonjwa wa wasiwasi wa jumla wala ule wa mashambulio ya hofu kwa watu wazima, bali unaelekeza kwenye dawa za kundi la SSRI, ambazo ndizo zile za kungojewa.

Kundi hilo lina fluoksetini, sertralini, esitalopramu na nyinginezo, nyingi zikiwa zilibuniwa kwanza kwa ajili ya sonona. Seli ya neva inapotoa serotonini, kemikali nyingine ya ubongo inayopeleka ujumbe kati ya seli, huifyonza tena baada ya muda mfupi. SSRI huziba njia ya kuifyonza. Ajabu ni kwamba kuziba huko hutokea saa chache tu baada ya kumeza kidonge. Maelezo yanayotajwa zaidi kuhusu kuchelewa kwa nafuu ni kwamba seli zinazotoa serotonini zina vipokezi vya kujipima, vinavyofanya kazi kama boya ndani ya tangi la maji: kiwango kikipanda, boya hunyanyuka na kufunga bomba. Kwa hiyo mwanzoni dawa inaongeza serotonini huku seli zikipunguza kuitoa. Lazima wiki kadhaa zipite hadi boya lipoteze wepesi wake, na bomba libaki wazi.

Kisa kimoja kinaonyesha vizuri jinsi nafuu hiyo inavyoingia kwa kunyata. Takriban mwaka 1960, daktari wa magonjwa ya akili Donald Klein, katika hospitali ya Hillside huko New York, aliwapa imipramini, dawa iliyotangulia SSRI, wagonjwa waliokuwa wakipatwa na mashambulio ya ghafla ya hofu. Wiki zilipita, na mgonjwa mmoja alishikilia kuwa hajaona badiliko lolote. Wauguzi ndio waliogundua: mgonjwa huyo, aliyezoea kukimbilia kwenye meza yao akisema anakufa, alikuwa ameacha kuja. Mashambulio yalikuwa yamekoma, lakini hofu ya kushambuliwa ilikuwa bado imebaki naye. Kwa maoni yangu, hapo ndipo inapoeleweka kwa nini tiba ya mazungumzo huambatanishwa na dawa, kwa sababu mazoea ya kukwepa huondolewa kwa mazoezi.

Kungoja nako kuna gharama. Kichefuchefu, maumivu ya kichwa na kutotulia huweza kutokea siku za mwanzo, ndiyo maana daktari huanza na dozi ndogo. Upungufu wa hamu ya tendo la ndoa unaweza kudumu zaidi, na ni jambo ambalo wagonjwa wengi huona haya kulitaja. Walio chini ya umri wa miaka 25 hufuatiliwa kwa karibu zaidi, kwa kuwa mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka mwanzoni mwa tiba.

Propranololi, ambayo kwa asili ni dawa ya moyo, hutumika kwa jambo dogo zaidi: huzuia mapigo ya kasi na mikono kutetemeka kabla ya kusimama mbele ya watu, lakini haimfai mwenye pumu. Ama SSRI, nafuu ikishapatikana huendelezwa kwa miezi 6 hadi 12 au zaidi, kisha dozi hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari, kwani lile boya nalo huhitaji muda wa kurudi mahali pake.