Akaunti nyingi, kompyuta moja: kuficha, kuzima na kufuta si kitu kimoja

Skrini ya kuingia ya Windows huorodhesha kila akaunti iliyo hai. Aliyetumia kompyuta mwisho hukaa katikati, wengine hujipanga chini kushoto. Zikishafika tano, pamoja na ya mgeni aliyeondoka zamani, watu hukimbilia kufuta. Ngoja kwanza.

Ukifuta akaunti kupitia Mipangilio, folda yake iliyo ndani ya C:\Users hufutwa nayo: picha, nyaraka, vilivyopakuliwa, vyote. Usivitafute kwenye pipa la taka, havipiti huko. Mimi huzima akaunti kwanza, hufuta baadaye kabisa, nakala za faili zikishawekwa kwenye diski nyingine.

Kuzima ni kazi ya dakika moja. Andika cmd (dirisha la kuandikia amri) kwenye sehemu ya kutafutia, bofya matokeo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uifungue kama msimamizi. Amri ya net user itakuonyesha majina yote. Kisha:

net user mgeni /active:no

Jina hutoweka kwenye skrini, faili hubaki zilipo. Ukitaka kuirudisha, weka yes badala ya no. Jina lenye nafasi katikati lifunge kwa alama za kunukuu.

Wengi hukwama hapa, kwa sababu jina linaloonekana kwenye skrini huenda si jina ambalo amri inalijua. Ukibadilisha jina kupitia Paneli Dhibiti, unabadilisha lile la kuonyesha tu. Jina la ndani na la folda hubaki ya zamani. Aliyeanzishwa kwa akaunti ya Microsoft ndiye hushangaza zaidi, maana folda yake huchukua herufi tano za mwanzo za barua pepe yake. Sura yake mbaya, lakini iache. Ukiibadilisha jina kwa mkono, Windows haitaipata, itamfungulia mwenyewe wasifu wa muda, na atakachohifadhi humo kitapotea akiondoka.

Kuficha ni jambo jingine: akaunti inafanya kazi ila haionekani. Hufanyika kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake ya ndani), na kwa kompyuta ya nyumbani sioni faida yake. Hatari ninaiona. Ukimficha au kumzima msimamizi aliye peke yake, dirisha la kuomba ruhusa litakuja bila mahali pa kuandika nenosiri, na kitufe cha Ndiyo hakitabonyezeka. Umejifungia nje, ufunguo umebaki ndani.

Ndiyo maana napendekeza akaunti moja ya msimamizi isiyotumiwa kwa kazi za kila siku. Wengine wote, wazazi wakiwemo, wawe watumiaji wa kawaida. Programu ikitaka kusakinishwa, nenosiri la msimamizi litaombwa papo hapo. Kabla ya kumshusha yeyote ngazi, ingia kwanza kwa akaunti hiyo ya msimamizi uhakikishe nenosiri lake linakubali.

Akaunti ya mtoto isiyo ya Microsoft inaweza kuwekewa saa:

net user mtoto /times:M-F,4pm-7pm

Hiyo ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi alasiri hadi saa moja jioni. Angalia tarakimu: ukiandika 10pm ukifikiria saa kumi, umeandika saa nne usiku. Tena, amri hii huzuia kuingia tu. Aliyekwisha kuingia haitamtoa muda ukiisha.

Kompyuta ikiwa nzito bila sababu, tazama nani hajaondoka. Kufunga skrini au kubadili mtumiaji huacha programu za wa kwanza zikiendelea kula kumbukumbu, na kwenye mashine ya GB 4 watu watatu wa namna hiyo wanatosha kuigandisha. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda kwenye kichupo cha watumiaji, umtoe aliyesahau. Utahitaji mamlaka ya msimamizi, na muulize kwanza kama amehifadhi kazi yake. Onyo hilo hilo ndilo Windows hukupa ukitaka kuzima mashine mwingine akiwa bado ndani. Ukilipuuza, anayepoteza kazi ni yeye.