Je, wajua kwa nini kompaila husoma tena lugha iliyoiandika yenyewe?

Kompaila ni programu inayochukua maandishi ya mwanaprogramu na kuyageuza kuwa amri za prosesa. Katikati ya safari hiyo hutumia lugha yake ya ndani, ambayo karibu hakuna mtu anayeandikia programu zake na ambayo watumiaji wengi wa kompyuta hawataiona maishani. Hapa Lubumbashi, katika chumba ninamofundishia vijana kazi hii nyakati za jioni, mwanafunzi mmoja aliniuliza: «Mwalimu, ikiwa lugha hiyo ya kati inaandikwa na kompaila na kutumiwa na kompaila ileile, kwa nini kuna watu wanaotumia miezi kuitengenezea kichanganuzi, yaani sehemu ya kuisoma kutoka kwenye maandishi?» Sikumjibu kwa sentensi moja, kwa sababu jibu lake linagusa namna kompaila inavyojengwa, inavyojaribiwa na inavyorekebishwa.

Tuanze na sababu ya kuwapo kwa lugha ya kati. Katika soko lolote la jiji letu hukutana watu wa Kibemba, Kisanga, Kiluba cha Katanga, Kiluba cha Kasai na Kiruund, na hakuna anayetafuta mkalimani kwa kila jirani yake, kwa kuwa wote hupitia Kiswahili. Mwaka 1958 wataalamu wa Marekani walipendekeza jambo la namna hiyohiyo kwa kompyuta, wakaliita UNCOL: lugha moja ya katikati ambayo lugha zote za programu zingetafsiriwa kuingia kwake, na amri za mashine zote zingetafsiriwa kutoka kwake. Hesabu yake ni nyepesi. Ukiwa na lugha sita za programu na aina tano za prosesa, bila lugha ya kati unahitaji watafsiri 30. Ukiwa nayo, unahitaji 11 tu. UNCOL yenyewe haikukamilika, lakini wazo lake linaishi ndani ya kompaila nyingi za leo, zikiwemo GCC, ambayo Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987, na LLVM, ambayo Chris Lattner na Vikram Adve waliianzisha mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois.

Lugha ya kati inaweza kuwa na sura tatu. Ya kwanza ni ile iliyomo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta wakati kompaila inafanya kazi, ambapo kila amri ni kitu kilichounganishwa na vitu vingine kwa vielekezi, yaani anwani za mahali vilipo kwenye kumbukumbu. Ya pili ni ya jozi, yaani mfululizo wa biti (sifuri na moja) uliobanwa ili uhifadhiwe kwenye faili. Ya tatu ni ya maandishi, ambayo binadamu anaweza kuisoma. Waundaji wa LLVM waliamua kwamba sura hizi tatu zibebe maana ileile, na uamuzi huo, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa sababu kubwa za mradi wao kuenea kiasi hiki. Waundaji wa GCC walipita njia nyingine. Mwaka 2005, katika toleo la 4.0, waliingiza lugha ya kati iitwayo GIMPLE, ambayo asili yake ni lugha ya SIMPLE ya kompaila ya McCAT iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada. GIMPLE iliweza kuchapishwa kwenye faili ili mtaalamu aitazame, lakini haikuweza kusomwa tena kutoka kwenye faili hiyo. Mlango ulikuwa wa kutokea tu.

Kwa nini hilo lilikuwa tatizo? Mtu wa Lubumbashi ataelewa upesi akitazama lile bomba refu la moshi na mlima mweusi wa mabaki ya tanuri ulio kando yake. Shaba ilianza kuyeyushwa hapa mwaka 1911, na yeyote aliyekulia katika familia ya wafanyakazi wa migodi anajua kwamba jiwe haligeuki kuwa shaba safi kwa hatua moja: linasagwa, linachambuliwa, linayeyushwa, linapulizwa hewa, kisha shaba ambayo bado ina uchafu kidogo inasafishwa kwa umeme. Sasa mfikirie fundi wa hatua ya mwisho, anayetaka kujua kama tangi lake la umeme linaondoa kweli uchafu wa aina fulani. Ikiwa njia pekee ya kulijaribu tangi ni kutumbukiza jiwe kwenye mashine ya kusaga na kusubiri hadi lifike, basi hana uwezo wa kuchagua kitakachomfikia. Tena kuna hatari iliyofichika: siku tanuri litakapoboreshwa, uchafu ule utaisha kabla ya kufika kwake, jaribio litaendelea kutoa jibu zuri kila siku, na hakuna atakayegundua kwamba tangi halijaribiwi tena.

Hali ya kompaila ni hiyohiyo. Kati ya maandishi ya mwanaprogramu na amri za prosesa kuna hatua nyingi za uboreshaji, mamia katika kompaila kubwa, na kila moja hupokea lugha ya kati, ikaigeuza kidogo, ikaikabidhi kwa inayofuata. Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kujaribu hatua ya themanini ya GCC alilazimika kuandika programu kwa lugha ya C na kuomba kwamba hatua 79 za kwanza ziiache katika umbo alilolitaka. Hatua ya mapema ilipopata akili zaidi, umbo hilo lilitoweka, na jaribio likabaki likifaulu bila kupima chochote. Ndiyo maana toleo la 7, lililotoka mwaka 2017, lilipoleta kichanganuzi cha GIMPLE kinachowashwa kwa chaguo la -fgimple, mimi nililiona kama mlango wa pembeni uliofunguliwa kwenye ukuta wa kiwanda. Wajenzi wake hawakuandika msomaji mzima upya. Matamko na aina za data waliyaachia kichanganuzi cha C kilichokuwapo tayari, na kazi (yaani kipande cha programu chenye jina lake) inayoanza kwa neno __GIMPLE ndiyo pekee ambayo mwili wake husomwa kwa sarufi mpya. Karibu na neno hilo mwandishi anaweza kuongeza startwith na kutaja jina la hatua, na kompaila itaruka yote yaliyotangulia na kuanzia hapo.

Sasa tuingie ndani ya kichanganuzi chenyewe, na hapa nitatumia LLVM kwa kuwa maandishi yake yanasomeka vizuri zaidi. Hii ni kazi ndogo inayohesabu kutoka sifuri hadi ifikie namba iliyopewa:

define i32 @hesabu(i32 %n) {
mwanzo:
  br label %zunguko
zunguko:
  %i = phi i32 [ 0, %mwanzo ], [ %j, %zunguko ]
  %j = add i32 %i, 1
  %isha = icmp eq i32 %j, %n
  br i1 %isha, label %mwisho, label %zunguko
mwisho:
  ret i32 %j
}

Kazi ya kwanza ni kukata maandishi haya vipande vidogo vinavyoitwa tokeni: neno la lugha, jina la thamani linaloanza kwa alama ya asilimia, aina ya namba, mabano, koma. Sehemu hii ni rahisi, na sina haja ya kukaa nayo. Kazi ya pili ni kutambua mpangilio wa tokeni hizo kulingana na sarufi. Zamani wengi walitumia programu inayopokea sarufi na kutoa kichanganuzi kilichokamilika, lakini leo vichanganuzi vya LLVM na vya C katika GCC vimeandikwa kwa mkono, kila kanuni ya sarufi ikiwa na kazi yake inayoziita nyingine. Njia hiyo ina maneno mengi zaidi, lakini humwezesha mwandishi kutoa ujumbe wa kosa unaoeleweka, pamoja na mstari na safu ambamo kosa limetokea.

Ugumu wenyewe uko kwenye mstari wa phi. Katika lugha hii kila thamani hupewa jina mara moja tu, kwa hiyo pale ambapo njia mbili zinakutana, amri ya phi ndiyo husema: ukitokea mwanzo, chukua sifuri, ukitokea kwenye zunguko lenyewe, chukua %j. Lakini %j haijazaliwa bado! Inatokea kwenye mstari unaofuata. Kichanganuzi kinachosoma kutoka juu kwenda chini kinakutana na jina la kitu ambacho hakijawahi kukiona, na hakiwezi kukataa, kwa sababu programu ni halali kabisa.

Dawa yake ni ya kupendeza. Kichanganuzi huunda thamani ya muda, mfano wa kiti kilichowekewa kitambaa kuonyesha kwamba mwenyewe anakuja, na kuandika kwenye daftari lake jina %j pamoja na mahali lilipotajwa. Kinapofika kwenye %j ya kweli, hulinganisha aina zake, hubadilisha kila mahali palipokuwa na ile ya muda, kisha huifuta. Kazi ikifika mwisho na daftari likiwa bado na jina lisilofutwa, hapo ndipo kosa linatangazwa. Angalia pia kwamba ile i32 (namba nzima ya biti 32) iliyoandikwa baada ya phi, ambayo wanafunzi wangu huiona kama maneno ya ziada, ndiyo inayokiambia kichanganuzi kiti hicho kiwe cha ukubwa gani. Bila hiyo kingelazimika kukisia aina ya kitu kisichokuwapo. Lugha za binadamu hupunguza maneno ili mwandishi apumzike. Lugha ya kati huyaongeza ili msomaji asikisie.

Kuna mtego mmoja ambao karibu kila anayeanza huuangukia, nami niliuangukia nikapoteza jioni nzima. LLVM inaruhusu thamani zisizo na majina, ambazo hupewa namba kwa mfululizo. Ukiandika kazi yenye vigezo viwili (thamani inazopokea) visivyo na majina, hivyo vinakuwa %0 na %1, na kwa mantiki ya kawaida utaandika amri ya kwanza kuwa %2. Kichanganuzi kitakataa. Sababu ni kwamba bloku ya mwanzo, yaani kundi la kwanza la amri zinazofuatana, ambayo hukuipa jina wala hukuiandika lebo, nayo imehesabiwa, na namba 2 ni yake. Amri yako ya kwanza ni %3. Jambo hilo halionekani popote kwenye maandishi, lakini lipo kwenye kumbukumbu, na kichanganuzi hudai lihesabiwe.

Hapo ndipo nilipomrudishia mwanafunzi wangu nusu ya jibu. Anayejenga kichanganuzi cha lugha ya kati hulazimika kuuliza, kwa kila kitu ambacho kompaila inakijua, kama kimeandikwa mahali fulani. Kukiwa na habari iliyojificha kwenye kumbukumbu bila kuwa na umbo la maandishi, programu ikichapishwa na kusomwa tena itarudi ikiwa pungufu. Kwa hiyo kipimo kikuu cha kazi hii ni mzunguko: chapisha, soma, chapisha tena, kisha linganisha maandishi mawili. Namba za desimali ni mfano mzuri. Ukiandika theluthi moja kama 3.333333e-01 na kuisoma tena, biti za mwisho zitakuwa zimepotea, na programu itakuwa nyingine. Kwa sababu hiyo LLVM kwa miaka mingi imeandika namba kama hiyo kwa mfumo wa kumi na sita, 0x3FD5555555555555, ambayo haipendezi machoni lakini inarudi ilivyokuwa, biti kwa biti.

Kichanganuzi hakibebi kila mzigo. Kinaweza kuisoma bila lalamiko kazi inayotumia thamani kwenye njia ambayo thamani hiyo haijakokotolewa, kwa sababu maandishi yake yana umbo sahihi. Kosa hilo hunaswa na sehemu inayofuata ya kompaila, iitwayo mkaguzi, na kutenganisha kazi hizi mbili kumewasaidia wajenzi, maana mkaguzi huyohuyo huitwa pia katikati ya hatua za uboreshaji, mahali ambapo hakuna maandishi yoyote. Maandishi nayo hayana ahadi ya kudumu: LLVM huahidi kusoma faili za jozi za matoleo ya zamani, lakini sura ya maandishi inaweza kubadilika, kama ilivyobadilika pale vielekezi vilipoacha kutaja aina ya kitu vinachokielekeza, mabadiliko yaliyokamilika katika toleo la 17 la mwaka 2023.

Nusu ya pili ya jibu nilimwonyesha kwenye mashine. Tulikuwa na programu ya maelfu ya mistari iliyoifanya hatua moja ya kompaila ianguke, na kuijenga yote kulichukua muda mrefu kuliko umeme wa mtaani unavyotuahidi. Tuliichapisha kwa lugha ya kati, kisha tukaikabidhi kwa llvm-reduce, programu inayofuta amri, ikajaribu kama anguko bado linatokea, ikarudisha kilichofutwa pale anguko lilipotoweka, na kuendelea hivyo bila kuchoka. Zilipobaki amri chache, mwanafunzi alizisoma kwa sauti moja baada ya nyingine, akakuta phi iliyorejelea jina la mbele yake, akaliandika faili hilo kwenye fimbo ya kumbukumbu na kwenda nalo nyumbani kutafuta kosa.