Kabla hujaongeza RAM, pima diski na umeme

Wateja wengi wanaoniletea kompyuta za mezani za zamani huja na jibu tayari: "Fundi, niongezee RAM." RAM ni kumbukumbu ya muda inayoshika kazi ulizofungua. Wameambiwa na jirani, au na muuza duka wa Kariakoo ambaye RAM ndiyo bidhaa iliyo mkononi mwake siku hiyo. Ukiifungua unakuta ina GB 4 au 8, kiasi kinachotosha kuchapa barua na kujaza fomu za mtandaoni. Kinachoisumbua ni kitu kingine, na hapa Dar es Salaam mara nyingi kitu hicho ni diski au umeme. Hela ya kwanza iende huko. RAM na prosesa, yaani ubongo wa mashine, zisubiri.

Nazungumzia zile mashine za mtumba zilizofanya kazi maofisini Ulaya na Marekani, leo zimejaa kwenye steshenari za Tandika, Mbagala na Gongo la Mboto, shuleni na kwenye ofisi ndogo ndogo. HP Compaq 8200 Elite ya 2011, Dell OptiPlex 7010 ya 2012, na ndugu zao. Ukitafuta spea za 7010 kuwa makini, maana Dell walilirudia jina hilo mwaka 2023 kwa mashine mpya kabisa ambayo haishirikiani chochote na ile ya zamani. Nazipenda mashine hizi. Bati lake ni zito, zinafunguka bila bisibisi, na ukizitunza zinafanya kazi ya mtu kwa miaka mingine mingi. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu anaitupa mashine nzima kwa sababu ya kifaa kimoja kilichochoka.

Diski

Mama mmoja mwenye steshenari Tandika alilalamika kwamba asubuhi anawasha mashine, anafagia, anapanga karatasi, anahudumia wa fotokopi, na bado haijawa tayari. Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikafunguka, kidirisha cha Windows kinachoonyesha kifaa gani kimeelemewa. Prosesa asilimia 9. RAM asilimia 55. Diski asilimia 100, na haishuki.

"Mama, RAM yako bado ina nafasi. Diski ndiyo imeelemewa."

Sababu iko ndani ya diski yenyewe, hii ya kuzunguka (hard disk). Sahani zake huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Kila Windows inapotaka kipande cha data, kichwa cha kusomea kinahama hadi kwenye mstari wake, kisha kinasubiri sahani izunguke mpaka kipande kile kipite chini yake. Kuhama huchukua wastani wa milisekunde 8 au 9, kusubiri huchukua 4 na kidogo. Jumlisha, utaona diski haifikishi safari 80 kwa sekunde. Ukinakili video moja kubwa hulioni tatizo, kwa sababu data imejipanga mfululizo na diski inaimwaga kwa MB 100 na zaidi kwa sekunde. Lakini Windows inapowaka huomba maelfu ya vipande vidogo vya KB 4 vilivyotawanyika huku na kule, na kwa safari zile 80 kasi inaporomoka hadi chini ya MB 1 kwa sekunde. SSD, diski ya kisasa ya chipu tupu, haina sahani wala kichwa cha kuhama, kwa hiyo inajibu maombi hayo kwa maelfu kila sekunde. Hakuna RAM utakayoongeza ikakupa tofauti hiyo.

Kabla ya kuhamisha chochote, soma afya ya diski ya zamani kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Mstari wa 05 unaonyesha sekta (vyumba vidogo vya data) zilizokwisha kubadilishwa kwa ubovu, C5 unaonyesha zile ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inasubiri kuamua. C5 ikiwa na namba yoyote juu ya sifuri, usianze na kunakili diski nzima. Toa kwanza nyaraka za mteja, picha na kazi zake, ndipo uendelee na mengine. Diski ya namna hiyo inaweza kugoma moja kwa moja katikati ya kazi. Ikiwa nzima, programu ya Clonezilla inahamisha kila kitu bila kukudai hata senti.

SSD ya GB 240 ya SATA, yaani yenye plagi ile ile ya diski ya zamani, inatosha kabisa. Kwenye mashine zenye chipu za Q67 na Q77, kama hizo mbili nilizozitaja, ni sehemu mbili za kwanza tu za SATA zenye kasi ya gigabiti 6 kwa sekunde, nyingine zina 3, kwa hiyo chomeka SSD kwenye SATA0. Usinunue zile nyembamba za NVMe kwa kutumia kadi ya kuunganishia, maana BIOS ya mashine hizi, programu ya kwanza inayoiamsha kompyuta, kwa kawaida haijui kuanzia huko. Na ukiwa ndani ya BIOS ya Dell ukakuta diski imewekwa RAID, usibadilishe kuwa AHCI (ni namna mbili tofauti za mashine kuongea na diski) halafu ukategemea Windows ya zamani iwake kama kawaida. Itakuletea skrini ya bluu.

Dukani omba kuipima kabla ya kulipa. Zipo SSD zinazojitangaza kuwa na TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana, ndani yake mna kadi ndogo ya memori iliyodanganywa ukubwa. Programu ya H2testw inajaza diski yote kisha inaisoma tena, na uongo unajitokeza wenyewe. Inachukua muda, lakini muuzaji mwaminifu atakubali kuibadilisha ikifeli.

Umeme

Hapa ndipo mashine nyingi zinapofia, na ndipo watu wasipoangalia kabisa.

Geuza mashine uangalie nyuma, pale pawa saplai inapochomekwa waya. Baadhi ya zilizotoka Marekani zina kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Kiswichi kikiwa upande wa 115, saketi ya ndani huuzidisha umeme mara mbili kabla ya kuuhifadhi kwenye kapasita mbili kubwa, ambazo kwa kawaida zimetengenezwa kuvumilia volti 200 kila moja. Ukiichomeka kwenye 230, kila kapasita inapokea kilele cha volti 325. Zinapasuka papo hapo kwa mlio unaoshtua nyumba nzima, na moshi wenye harufu kali unafuata. Ukinunua mashine ya mtumba, angalia kiswichi hicho kabla hujafanya jambo lingine lolote. Pawa saplai zilizoandikwa 100 hadi 240 hazina kiswichi, zenyewe zinajirekebisha.

Halafu kuna kava linalopiga. Unagusa bati la kompyuta ukiwa peku, unasikia mtekenyo wa umeme. Watu wengi wamezoea, wanaona ni tabia ya mashine. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita ndogo zinazounganisha nyaya za umeme na bati ili kuondoa mikwaruzo ya mawimbi, na umeme mdogo unaopitia hapo unatakiwa kwenda ardhini kupitia pini ya tatu ya plagi. Ethi, yaani waya huo wa ardhini, isipokuwepo, bati linabaki na karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, lakini ukichomeka printa au monita wakati mashine imewaka, unaweza kuua poti za USB au ya picha. Na usibahatishe kwamba ni huo mdogo tu, kwa sababu hitilafu halisi ya nyaya huanza na dalili hiyo hiyo. Mwite fundi umeme apime ethi ya nyumba, na utupe ekstensheni yenye pini mbili.

Ekstensheni yenyewe ipime kwa kuishika. Mashine inayojizima kila printa ya leza inapoanza kuchapa mara nyingi haina ugonjwa. Printa hiyo huvuta umeme mwingi kwa ghafla kupasha joto roli lake, ekstensheni yenye waya mwembamba na soketi zilizolegea inashusha volti, na kompyuta ndiyo inayozimika kwanza. Kama plagi ni ya moto ukiigusa, umeshaupata ubovu. Ipe kila mashine soketi yake ya ukutani.

Ukiishuku pawa saplai yenye plagi ya pini 24, izime, ichomoe kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, kisha iwashe. Feni ikizunguka, chukua multimita. Waya wa njano usome kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Nje ya hapo, ibadilishe. Kusoma vizuri bila mzigo hakumaanishi ni nzima, lakini kusoma vibaya kunatosha kuihukumu. Usiifungue ndani kama huna ujuzi huo, kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Na kabla ya kwenda Kariakoo kununua nyingine, hesabu pini. OptiPlex 7020 na 9020 zinatumia plagi ya pini 8 kwenye mazabodi, kwa hiyo pawa saplai ya kawaida haiingii bila waya wa kubadilishia.

Inawaka lakini haileti picha

Sikiliza na utazame kabla ya kugusa. HP za kizazi kile huongea kwa taa: taa ya kuwashia ikimeta nyekundu mara tano, ikatulia, ikarudia, tatizo ni RAM. Mara nne ni umeme, mara mbili ni joto. Mtu anayeijua lugha hiyo hahitaji kununua kifaa kwa kubahatisha.

Ikiwa ni RAM, usikimbilie kuitupa. Hewa ya Dar ina unyevu na chumvi ya bahari, na vumbi linapolowana hugeuka utando kwenye meno ya shaba yaliyopakwa dhahabu. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, gusa bati, ndipo utoe RAM. Iweke juu ya karatasi nyeupe. Sugua meno yake taratibu kwa ufutio mweupe wa penseli, ukielekea nje, upande mmoja kisha wa pili. Karatasi itajaa vijivu vyeusi, na meno yatarudi kung'aa. Pangusa kwa kitambaa laini chenye spiriti safi ya isopropili, acha ikauke, puliza sloti kwa blowa, irudishe mpaka usikie vibano vikifunga pande zote mbili. Mashine nyingi zilizotangazwa kuwa zimekufa hufufuka hapo.

Tatizo dogo zaidi ni betri ya CMOS inayotunza saa ya mashine, ile ya duara iliyoandikwa CR2032. Ikiisha, saa inarudi nyuma miaka, na kwa kuwa kivinjari hukagua tarehe kabla ya kufungua tovuti salama, mteja anakwambia "intaneti imeharibika." Ni betri ya volti 3 inayouzwa hata kwa wauza saa.

Sasa RAM

Diski na umeme vikiwa sawa, na Task Manager bado inaonyesha RAM juu ya asilimia 85 wakati wa kazi, ongeza. Mashine hizi hutumia RAM ya aina ya DDR3. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240, ila pengo la katikati limekaa tofauti, kwa hiyo ikigoma kuingia usilazimishe. Kataa RAM za seva zilizoandikwa ECC Registered, pamoja na zile za bei ya kutupa ambazo muuzaji anasema ni za mashine zenye prosesa za AMD tu. Hazitawaka kwako. Weka mbili zinazofanana. Na kama Windows ni ya biti 32, itaona GB 3 na kidogo hata ukiweka 16.

Prosesa ibadilishe ikiwa ni i3 na kazi yako ni video au michoro. OptiPlex 7010 inapokea i7-3770 yenye kori 4 badala ya 2. Ukiifungua, badilisha pia ile krimu ya kijivu iliyo chini ya hitisinki, kile kipoza joto cha prosesa, kwa umri wake itakuwa imekauka kama chaki. Kadi ya picha chagua isiyohitaji waya wake wa umeme, kama GT 1030, kwa sababu pawa saplai ya 7010 ya umbo dogo (SFF) ina wati 240 tu.

Kuhusu Windows: msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama, na prosesa za Intel za kizazi cha nane au zaidi. Inawezekana kuilazimisha, lakini Microsoft haikuahidi masasisho, kwa hiyo mashine ya biashara siifanyii hivyo. Kama kazi ni kivinjari, barua na printa, naweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, baada ya kuhakikisha printa ya mteja inakubali.

Imebaki diski iliyotolewa. Steshenari huhifadhi nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti na mikataba ya watu wasiojua kama bado vipo humo, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kufomati kwa haraka hakufuti chochote zaidi ya orodha ya mafaili. Kama diski ni nzima, itie kwenye kava la USB lenye adapta yake ya volti 12, mteja aitumie kuhifadhia nakala za kazi zake. Akitaka kuiuza, iandike sifuri diski nzima kwa amri ya "clean all" ndani ya diskpart, baada ya kuhakikisha umechagua diski sahihi. Ile yenye sekta mbovu haifutiki yote. Hiyo itoboe kwa drili kupitia sahani zake, mteja akiwa anaona.