Uhalisia katika picha ya mtoto si kufanana na foto

Mchoraji akipandisha mtandaoni picha ya mtoto aliyemchora vizuri, maoni huwa yaleyale: "Kama foto kabisa! Huu ndio uhalisia." Nia ni njema, ila sifa hiyo inachanganya kazi mbili tofauti, na kwa picha za watoto mchanganyiko huo una madhara.

Uhalisia ni uchoraji unaomwonyesha mtu au kitu kilivyo mbele ya macho, bila kukitukuza. Mwaka 1855 mchoraji Mfaransa Gustave Courbet alifungua banda lake mwenyewe Paris, akalipa jina la Uhalisia na kutundika humo picha za watu wa kawaida, yakiwemo mazishi ya kijijini kwao. Hakuwa akishindana na kamera. Alikuwa akiwapinga wachoraji waliojaza kuta miungu na mashujaa wa kale.

Kunakili foto kwa uaminifu, pamoja na ukungu wa lenzi na mng'ao wa flashi, ni mtindo mwingine uliopata nguvu Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Una mabingwa wake na unadai subira kubwa. Lakini kinachochorwa pale ni foto. Katika uhalisia kinachochorwa ni mtoto.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Foto nyingi zinazopelekwa kwa wachoraji hupigwa kwa simu, na mpigaji amesogea karibu, pengine sentimita 40 kutoka usoni. Kwa umbali huo pua na paji la uso huvimba, masikio hurudi nyuma, na kichwa huonekana chembamba kuelekea shingoni. Anayenakili hunakili na kasoro hizo zote. Mama mtu akiiona picha anasema, "Ni yeye, lakini kuna kitu," na hawezi kukitaja. Ikibidi kutumia foto, mpigaji arudi nyuma mita moja na nusu hadi mbili ndipo avute kwa zumu, azime flashi, na mtoto asimame pembeni ya dirisha.

Umbo la mtoto nalo lina kanuni zake. Kwa mtu mzima mstari wa macho hukata kichwa katikati. Kwa mtoto mdogo uko chini ya hapo, kwa sababu fuvu limetangulia kukua na taya bado. Urefu wa mtoto wa miaka sita ni takriban vichwa sita, wa mtu mzima saba na nusu. Jicho hukaribia ukubwa wake wa utu uzima mapema sana, ndiyo maana kwenye uso mdogo huonekana kubwa. Daraja la pua liko chini, kidevu ni kidogo, na mashavu yana mafuta yanayofanya kivuli kigeuke polepole, bila ukingo mkali. Mchoraji akiweka mstari mmoja tu kutoka puani hadi pembe ya mdomo, amemzeesha mtoto miaka 20. Akichora kila jino na mpaka wake, tabasamu linakuwa la mtu mzima. Kosa jingine ni kupaka weupe mtupu kwenye jicho: jicho ni la mviringo kama mpira, lina kivuli cha kope juu yake, na sehemu kubwa ya weupe wake ni kijivu.

Kwenye ngozi nyeusi ndipo foto inapodanganya zaidi. Kamera hugeuza vivuli kuwa weusi mtupu, na mchoraji anaufuata. Kisha akitafuta mwanga huongeza nyeupe kwenye kahawia, na mtoto anapauka kama aliyetoka kuoga hakupakwa mafuta. Ukimtazama mtoto mwenyewe karibu na dirisha, sehemu inayong'aa kwenye paji la uso ina ubluu wa anga, shavu lina wekundu, na sikio lililopitiwa na mwanga kwa nyuma huwaka rangi ya chungwa. Kivuli chini ya kidevu hakihitaji rangi nyeusi. Sienna ya kuchomwa, yaani kahawia yenye wekundu, ikichanganywa na ultramarine, bluu iliyokoza, hutoa giza lenye uhai.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa muda mrefu ni "Msichana na Mapichi" ya mchoraji Mrusi Valentin Serov, iliyoko Makumbusho ya Tretyakov, Moscow. Aliichora mwaka 1887 akiwa na miaka 22, huko Abramtsevo, shamba lililo karibu na Moscow, na aliyekaa mbele yake ni Vera Mamontova wa miaka 11. Alimkalisha kwa zaidi ya mwezi, jambo gumu kwa mtoto yeyote. Dirisha liko nyuma ya Vera, kwa hiyo uso wake hauna mwanga wa moja kwa moja. Unaangazwa na kile kinachorudi kutoka mezani na ukutani. Kitambaa cha meza tunakiita cheupe, lakini ukikikagua utakuta bluu, kijivu na waridi. Majani makavu karibu na mapichi yamewekwa kwa mipigo ya brashi ambayo hata haikufichwa. Mdomo umefumba, macho yanakukabili bila kutaka kupendeza. Kwa karibu hakuna atakayeidhania foto, na bado ni uhalisia bila shaka yoyote.

Kwa hiyo, aliyenakili foto kwa ustadi asifiwe kwa kunakili. Inatosha, na ni kweli. Neno uhalisia likikujia mdomoni mbele ya picha ya mtoto, kagua kwanza mstari wa macho, kisha ukubwa wa taya, kisha rangi iliyo ndani ya kivuli cha shingo. Vitu hivyo vitatu vikiwa sawa, litumie, hata kama mipigo ya brashi inaonekana waziwazi.