Uzamivu wa Kifaransa si kozi ya Kifaransa

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mtu mwenye shahada mbili, kama bado sijamaliza kujifunza Kifaransa. Wengi huamini kwamba anayesomea uzamivu katika lugha na fasihi ya Kifaransa hukaa darasani akinolewa matamshi na vitenzi mpaka azungumze kama mzaliwa wa Paris. Hapana, jamani. Lugha unaingia nayo. Unachotakiwa kutoka nacho ni tasnifu iliyotetewa mbele ya jopo. Kanuni za Ufaransa hutaja miaka 3 kwa anayesoma muda wote, na katika fasihi ni nadra ikatosha.

Kinachotukalisha ni maswali ambayo ufasaha haufui dafu mbele yake. Mtu akisema amesoma sura ya 20 ya kitabu cha kwanza cha Essais, yaani insha za Montaigne, mwandishi Mfaransa wa karne ya 16, mimi humuuliza kwanza: katika toleo gani? Kwa wanaofuata Nakala ya Bordeaux, hiyo ndiyo sura isemayo kwamba kufanya falsafa ni kujifunza kufa. Kwa wanaofuata toleo la 1595 sura hiyo ni ya 19, kwa kuwa ile ya 14 imehamishwa ikawa ya 40. Nakala ya Bordeaux ni kitabu kilichochapishwa mwaka 1588, ambacho Montaigne aliendelea kukijaza nyongeza pambizoni kwa mkono wake katika miaka iliyotangulia kifo chake mwaka 1592, na ambacho baadaye mjalidi mmoja alikipunguza kingo, akaondoka na baadhi ya maneno. Toleo la 1595 lilisimamiwa na Marie de Gournay, mwanamke mwandishi aliyekuwa rafiki wa Montaigne, kutokana na nakala nyingine, ambayo leo haipo. Ndani yake, mwishoni mwa sura ya 17 ya kitabu cha pili, Gournay anamwagiwa sifa ambazo katika Nakala ya Bordeaux hazimo.

Je, alijisifu mwenyewe? Vitabu vingi vya wanaoanza huchagua toleo moja na kunyamaza. Mimi naelekea kumwamini, kwa sababu sehemu kubwa ya alichokichapisha inalingana na mwandiko wa pambizoni, lakini kuapa siwezi. Na kwa kuwa tasnifu yangu inaegemea nyongeza za miaka hiyo ya mwisho, mtahini anayeshikilia Bordeaux atakuwa na haki kamili ya kunibana.