Ziara ya kushtukiza si mazungumzo na wafanyakazi

"Mimi nawavamia tu, nawakuta walivyo." Kauli hii nimeisikia kwa mameneja ninaowafundisha, nikiwauliza wanazungumzaje na wafanyakazi wao, mpaka siku hizi naimalizia mwenyewe. Mfano wao huwa ni uleule: Novemba 2015, Rais Magufuli, siku moja tu baada ya kuapishwa, alitoka Ikulu kwa miguu hadi Wizara ya Fedha na kukuta baadhi ya viti havina watu. Siku tatu baadaye akaingia Hospitali ya Taifa Muhimbili, akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine ya MRI haifanyi kazi. Bodi ya hospitali ikavunjwa.

Sawa. Ila ule ulikuwa ukaguzi, na ulionyesha kile ambacho ukaguzi huonyesha: nani hayupo, nini kimeharibika. Hayo unayaona kwa macho hata kama hakuna mtumishi aliyefungua mdomo. Wewe meneja unaniambia hujui kwa nini oda zinachelewa na kwa nini mafundi wazuri wanaacha kazi. Jibu la hilo wanalo watu vichwani, na mtu aliyeshtuliwa haelezi, anajitetea. Tena hata huko kushtukiza kwenyewe ni kwa kujidanganya: mlinzi wa getini akishaiona namba ya gari lako, kundi la WhatsApp limepata habari kabla hujazima injini. Ukifika stoo, kila mtu ameshika daftari.

Ukitaka kukagua, kagua, na uite ukaguzi. Ukitaka kuzungumza, taja siku. Mimi hung'ang'ania siku ileile kila wiki, bila msafara, bila kijana wa kubeba mkoba, na swali moja: "Nini kinakuchelewesha?" Kisha nyamaza. Taiichi Ohno wa Toyota anakumbukwa kwa kuwachorea wahandisi duara la chaki sakafuni na kuwaamuru wasimame humo kwa saa nyingi, watazame tu kazi inavyokwenda. Mabosi wetu dakika tano haziishi hawajatoa agizo! Na agizo la papo kwa papo linamruka msimamizi wa zamu, ambaye ndiye atakayebaki na fujo kesho. Yaandike uliyoambiwa, kaa na msimamizi, halafu wiki ijayo mrudie aliyekueleza umpe jibu, hata kama jibu ni "hela hakuna". Kama hutarudi, heri usiende kabisa.

"Mlango wangu uko wazi, mwenye shida aje." Aje vipi, apite kwa katibu muhtasi, huku akionwa na meneja wake ambaye ndiye shida yenyewe? Nyanyuka wewe.

"Ukizoeana nao watakudharau." Wanaodharauliwa ni wanaoahidi wasitekeleze. Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, wa 1971, ibara ya 15, ulimkataza kiongozi majivuno na dharau, na miaka iliyofuata wafanyakazi waligoma viwandani wakiitaja ibara hiyohiyo. Kisa hakikuwa mabosi waliozoeana nao kupita kiasi.

"Tuna baraza la wafanyakazi, linatosha." Baraza, ambalo mizizi yake ni Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970, lina kazi yake na silidharau. Lakini linakaa mara chache kwa mwaka, linajadili bajeti na maslahi. Haliitishwi kwa sababu ya feni ya karakana iliyokufa tangu Idi.