Mkataba wa miaka 5 haumhakikishii kocha kazi ya miaka 5

Wengi hudhani kocha wa soka la wanawake katika chuo kikuu cha Marekani akishasaini mkataba wa miaka 5, haondoki kabla haujaisha. Sivyo. Mkataba huo hulinda zaidi fedha zake.

Soma kifungu cha kusitisha kazi. Chuo kikimwondoa bila kosa, humlipa fidia iliyoandikwa, na mara nyingi mshahara wa kazi yake mpya hukatwa humo. Akiondolewa kwa kosa, kama kuvunja kanuni za NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani) au kunyanyasa wachezaji, kwa kawaida huondoka mikono mitupu. Hapo ndipo makocha huumia: neno "kosa" likiandikwa kwa upana, hata malalamiko ambayo hayajachunguzwa yanaweza kutumika.

Ushindi nao hautoshi. Timu ya ngazi ya juu ya NCAA ikipata chini ya alama 930 kati ya 1,000 za maendeleo ya masomo ya wachezaji wake, kwa wastani wa miaka 4, inaweza kufungiwa mashindano ya mwisho wa msimu. Na mkurugenzi mpya wa michezo mara nyingi hutaka kocha wake mwenyewe.

Kabla ya kusaini, kocha adai makosa yatajwe moja moja, apewe onyo la maandishi, na siku za kujirekebisha zitajwe kwa idadi.